Sikiliza Upande wa Pili: Siku Moja katika Baraza la Jimbo la Ontario

Leo twapenda kuwachukua safari ya mawazo mpaka nchi ya Kanada, tukaone watu wa huko wanavyofanya kazi ya kutunga sheria zao. Hatutasema habari za Bunge la nchi nzima lililoko Ottawa. Tutasema habari za baraza la jimbo moja tu, jimbo la Ontario, ambalo hukutana katika mji wa Toronto. Watu wengi wakisikia habari za baraza la sheria hudhani kwamba ni mahali pa kubishana tu, kisha wenye nguvu hupata wakitakacho. Twataka mtazame pamoja nasi kazi ya siku moja, kisha mwamue wenyewe kama ni kweli.

Kwanza yafaa tulijue jimbo lenyewe. Kanada ina majimbo 10, na kila jimbo lina baraza lake. Katiba ya mwaka 1867 iligawanya kazi. Mambo ya jeshi, sarafu na posta yaliwekwa katika mikono ya Bunge la Ottawa. Na mambo ya shule, hospitali na serikali za miji yaliachiwa majimbo. Kwa hiyo mambo yanayomgusa mtu nyumbani kwake, mtoto wake akienda shule au mama yake akiugua, aghalabu huamuliwa na baraza la jimbo. Ontario si jimbo dogo. Eneo lake lapita kilometa za mraba 1,000,000, nalo laizidi Tanzania kwa ukubwa. Wajumbe wa baraza ni 124, kila mmoja amechaguliwa na watu wa wilaya yake ya uchaguzi. Kwa desturi hukutana tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, ili siku zinazobaki waweze kurudi kwa watu waliowatuma.

Kazi ya siku huanza kwa siwa. Ninyi wa pwani mwaijua siwa: baragumu kubwa ya wenye enzi, ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu iliyofanywa kwa shaba. Siku hizi neno hilo hutumika pia kwa rungu la heshima linalotangulia mbele ya Spika. Siwa ya Ontario ni rungu la namna hiyo, la shaba iliyopakwa dhahabu, nayo yatumika tangu mwaka 1867. Mpambe wa baraza huichukua begani, Spika humfuata nyuma, na wajumbe wote husimama. Siwa ikiisha kuwekwa mezani, baraza limekuwa baraza. Isipokuwapo, wale waliokaa ndani ni watu tu waliokusanyika. Hapo zamani, katika vita ya mwaka 1813, askari wa Marekani waliuteka mji huo, ambao wakati ule uliitwa York, wakaichoma nyumba ya baraza na kuichukua siwa ya siku zile. Haikurudi mpaka mwaka 1934, kwa amri ya Rais Franklin Roosevelt, baada ya miaka 121.

Sasa tutazame ukumbi wenyewe. Viti vimepangwa pande mbili zinazoelekeana. Upande mmoja hukaa wajumbe wa chama chenye serikali, na upande wa pili hukaa wapinzani wao. Katika mbao za ukutani mmechongwa ndege wawili. Wajumbe wa serikali hutazamana na bundi, na wapinzani hutazamana na tai. Kwetu bundi ni ndege wa nuhusi, akilia juu ya paa watu hawalali. Lakini kwa watu wa huko yeye ni alama ya hekima. Amewekwa pale awakumbushe wenye serikali watawale kwa busara. Tai naye huwakumbusha wapinzani wafumbue macho yao. Tena ukumbini mna maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni hii: Sikiliza upande wa pili. Maneno hayo matatu tuyashike, maana ndiyo tutakayoyapima leo.

Kabla ya maswali, wajumbe wachache hupewa dakika moja na nusu kila mmoja kusema habari za kwao: daraja lililobomoka, au mwalimu aliyestaafu baada ya kazi njema. Saa nne na nusu asubuhi huanza saa ya maswali, nayo ndiyo saa ya moto kuliko zote. Kiongozi wa wapinzani hutangulia kuuliza, na mawaziri sharti wasimame wajibu. Waziri hana haki ya kupewa swali mapema. Huulizwa palepale, mbele ya watu wote waliokaa juu katika viti vya wageni. Hapo sauti hupanda, wengine hupiga meza, na Spika husimama na kuwanyamazisha.

Spika huchaguliwa na wajumbe wenzake kwa kura ya siri. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 alichaguliwa Donna Skelly, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kukikalia kiti hicho huko Ontario. Adabu anazozilinda Spika ni nyingi. Mjumbe hasemi na mwenziwe, husema na Spika. Hamwiti mwenziwe kwa jina, humwita kwa wilaya yake. Hana ruhusa kumwita mwenziwe mwongo. Akisema hivyo huamriwa kuyarudisha maneno yake. Akikataa, Spika mwenyewe humtaja kwa jina lake, na mjumbe aliyetajwa jina sharti atoke nje. Huenda mtu akacheka kusikia kwamba adhabu ni kutajwa jina. Lakini sababu yake ni njema. Ndani ya ukumbi ule mtu si mwana wa fulani. Yeye ni sauti ya watu waliomtuma, na heshima ile ni yao.

Kati ya viti hupita watoto wa darasa la saba na la nane, wamevaa nguo nyeusi na nyeupe, wakichukua barua na bilauri za maji. Hao ni matarishi wa baraza, nao hutoka sehemu mbalimbali za jimbo.

Baada ya maswali huja kazi ya sheria yenyewe. Muswada husomwa mara tatu. Mara ya kwanza hutajwa tu, watu wapate kujua kwamba umeletwa. Mara ya pili wajumbe hubishana juu ya shabaha yake. Kisha huweza kupelekwa kwa kamati, ambako wajumbe wachache huuchungua kifungu kwa kifungu. Huko raia wa kawaida, mkulima au muuguzi, aweza kuja akakaa mezani na kusema unafaa au haufai. Mara ya tatu hupigiwa kura ya mwisho. Kengele hulia nyumba nzima kuwaita wajumbe, nao husimama mmoja mmoja, wanaokubali kwanza, wanaokataa baadaye. Mwisho, Luteni Gavana, anayemwakilisha Mfalme, huutia idhini, nao huwa sheria.

Hapa msikilizaji mwenye akili atatuuliza: Kama chama cha serikali kina wajumbe wengi, nacho kitashinda kura kila mara, taabu yote hii ni ya nini? Si wahenga wamesema, wengi wape? Swali hili ni la haki, nasi hatutalijibu kwa maneno matupu. Tutalijibu kwa mambo yaliyotukia.

Mwaka 1963 alichaguliwa Bwana Leonard Braithwaite, mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la jimbo lolote la Kanada. Wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Alitumika katika jeshi la anga la Kanada wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akasomea sheria. Alikuwa mpinzani, mjumbe mgeni asiye na cheo. Tarehe 4 Februari 1964 alisimama kutoa hotuba yake ya kwanza, akawakumbusha wenziwe jambo ambalo wengi walikuwa wamelisahau: katika vitabu vya sheria vya Ontario bado kulikuwa na maneno, yaliyotoka katika sheria ya mwaka 1850, yaliyoruhusu shule za mbali kwa watoto weusi. Zamani wazungu wa vijiji vingi waliyatumia maneno yale kuwafukuza watoto weusi katika shule za karibu na kwao. Bwana Braithwaite akasema kwamba siku za mambo hayo zimepita, na sheria ile ifutwe.

Hakuwa na kura za kuifuta. Lakini alisikilizwa. Waziri wa Elimu, Bwana William Davis, wa upande wa serikali, alileta muswada, na mwaka huohuo wa 1964 maneno yale yakafutwa. Mwaka uliofuata shule ya mwisho ya namna ile ilifungwa huko Colchester, baada ya wazazi wenyewe kupigania haki ya watoto wao. Basi twaona kwamba mtu mmoja, asiye na nguvu ila sauti yake, aliweza kuondoa aibu ya miaka 114. Mwaka 1966 mjumbe huyohuyo alitaka wasichana nao wawe matarishi wa baraza, maana kazi ile ilikuwa ya wavulana peke yao. Nao wakaja kukubaliwa mwaka 1971.

Sasa tutazame jambo kinyume chake. Tarehe 31 Oktoba 2022 serikali ya Ontario ilileta muswada wa kuwalazimisha wafanyakazi wa shule wapata 55,000, makarani, wafagizi na wasaidizi wa walimu, wakubali mapatano ya mshahara wasiyoyataka, na kuwakataza wasigome. Muswada ulikimbizwa. Wapinzani waliopaza sauti walitolewa nje, na tarehe 3 Novemba ulikwisha kuwa sheria. Kesho yake wafanyakazi waliacha kazi, shule nyingi zikafungwa, na vyama vingine vya wafanyakazi vikasimama pamoja nao. Tarehe 7 Novemba Waziri Mkuu wa jimbo, Bwana Doug Ford, alisema kwamba ataiondoa. Na tarehe 14 Novemba baraza lilelile likaifuta sheria lililoitunga siku 11 zilizopita. Haraka haraka haina baraka. Wengi walikuwa na kura, lakini hawakuusikiliza upande wa pili ndani ya ukumbi. Ikawapasa kuusikiliza barabarani.

Walakini tusiseme kwamba wapinzani hawana makosa, wala kwamba kila anayesikilizwa hushinda. Mwaka 1997 serikali ilitaka kuziunganisha serikali sita za mji wa Toronto ziwe moja. Wakazi walipopigishwa kura, walio wengi walikataa. Wapinzani wakaleta marekebisho kwa maelfu, moja kwa kila mtaa wa mji, na yote yakasomwa na kupigiwa kura usiku na mchana kwa zaidi ya wiki moja. Wajumbe walisinzia vitini, hata rekebisho la mtaa mmoja mdogo likapita kwa bahati mbaya, kwa kuwa wa serikali walisahau kusema hapana. Mwisho muswada ulipita, na mji ukawa mmoja tangu tarehe 1 Januari 1998. Watu wengine waliona kazi ile ni ushujaa, wengine waliona ni mchezo wa kupoteza wakati. Sisi twasema hivi: kusikilizwa si kushinda. Lakini aliyeshindwa baada ya kusikilizwa hurudi nyumbani akijua kwamba maneno yake yameandikwa, na wajukuu wake wataweza kuyasoma.

Maana kila neno huandikwa katika taarifa rasmi ya baraza. Kwa miaka mingi lugha zilizoruhusiwa ukumbini zilikuwa Kiingereza na Kifaransa tu. Wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwako kabla ya wageni, walisikiliza mambo yao yakijadiliwa kwa lugha za watu wengine. Na katika shule za bweni walizopelekwa watoto wao, lugha zao zilipigwa marufuku. Mwaka 2024 kanuni zilibadilishwa. Tarehe 28 Mei 2024 mjumbe wa Kiiwetinoong, Bwana Sol Mamakwa, alisimama akasema kwa Anishininiimowin, lugha ya watu wake wa kaskazini, na wakalimani wakawafasiria wenziwe. Wazee walikuwa wamesafiri kutoka mbali wapate kumsikia, na mama yake alikuwa miongoni mwao. Katika saa ya maswali aliuliza habari za nyumba ya kuwatunzia wazee huko Sioux Lookout. Swali lenyewe lilikuwa la kila siku. Lililokuwa jipya ni kwamba siku ile mawaziri ndio waliomhitaji mkalimani.

Basi, wasikilizaji wetu, mkisoma gazetini kwamba baraza fulani limepitisha sheria fulani kwa kura nyingi, msiishie hapo. Ulizeni: Je, waliokataa walipewa nafasi ya kusema? Walisema nini? Na nani aliyajibu maneno yao? Swali hilo lafaa kwa Toronto, nalo lafaa kwa mkutano wa kijiji chini ya mwembe. Mwenyekiti wa kijiji hana siwa ya dhahabu, wala hana bundi aliyechongwa ukutani kumkumbusha hekima. Ana mzee mmoja mkaidi nyuma ya watu, aliyeinua mkono muda mrefu wala hajaitwa. Na amwite.