Ganzi ya Miguu Baada ya Kuanguka

Ndugu msikilizaji wa Engaresero, wewe unayepandisha wageni mlima Ol Doinyo Lengai usiku, mteremko ule unaujua: majivu yanateleza, mtu anaangukia mgongo. Akilalamikia ganzi miguuni, usimwinue kwa makwapa wala kumpakia bodaboda. Huenda pingili imevunjika na kubana mishipa ya fahamu. Alale chali, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja. Mgeuzeni watu wanne kwa pamoja, mumlaze juu ya ubao. Ganzi ikifika sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka, hiyo ni dharura. Na kuchua? Hapana, kutamuumiza zaidi. Ganzi isiyo na ajali yaweza kuwa kisukari, hata ukoma. Nenda zahanati ukapimwe.