Kadi Hulipa Gari, Hailipi Uliyemgonga

Msikilizaji wetu wa Marekani, ukipanga kukodi gari nje ya nchi, rafiki hatakosa kukunong'oneza: usinunue bima pale kaunta, kadi yako ya mkopo inatosha. Hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari.

Kwetu Tanzania tumezoea bima ndogo na bima kubwa. Ndogo humlipa uliyemgonga; kubwa hulipa na gari lako. Ya kadi haimo katika hizo mbili. Hulipa gari ulilokodi likigongwa au likiibwa, basi. Mwenye pikipiki uliyemvunja mguu, ukuta wa watu uliouangusha, havimo. Ulaya bima ndogo huja ndani ya bei ya kukodi, maana sheria inaidai. Kwingineko uliza kabla hujakabidhiwa ufunguo.

Tena ni lazima ulipie kwa kadi hiyohiyo, na ukatae ile nyongeza ya kila siku ambayo kampuni hukutoza ili isikudai gari likiharibika. Ukiisaini tu, hata bila kusoma, kinga ya kadi imekwenda.

Na nchi nazo huchaguliwa. Kwa miaka mingi kadi nyingi za Visa za Marekani ziliziacha nje Ireland, Israel na Jamaica. American Express huziacha Italia, Australia na New Zealand. Basi mwenye kadi mbili, moja itamfaa Roma, nyingine Dublin! Jambo zito namna hii kufichwa kwenye herufi za sisimizi, mimi naliita ujanja. Huko Dublin karani atakutaka barua ya kadi inayoitaja Ireland kwa jina. Huna? Nunua bima yao, au washikilie dhamana nono.

Nawe unayekuja Arusha Desemba ukodi gari la mbugani, ujue kuendesha nje ya barabara kwa kawaida hakumo.

Gari likipata ajali, kampuni hukata pesa zake kwanza, wewe ndiye wa kuzifuatilia kwa wenye kadi: picha, ripoti ya polisi, mkataba, bili ya gereji. Toa taarifa mapema. Kadi nyingi za Visa huweka ukomo wa siku 45. Kampuni itadai pia fidia ya siku ambazo gari lilikaa gereji. Fidia hiyo, kadi huilipa ikiona kumbukumbu zinazoonyesha magari yao mengine yalikuwa yamekodiwa, na kampuni hazina haraka ya kuzitoa. Ziombe kwa maandishi siku unayorudisha gari.