Usafi Umekuwa Kazi ya Ujuzi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi ya kusafisha, jinsi ilivyobadilika tangu ule ugonjwa wa Korona. Sisi wa reli yatuhusu, maana wanaosafisha mabehewa na stesheni twawaona kila siku, na wengi wao si wanachama wetu.

Zamani mfagiaji alikuwa mtu asiyetakiwa kuonekana. Alikuja abiria wakiisha kuondoka, akapewa fagio, ndoo na sabuni, wala hakufundishwa neno. Ilidhaniwa kwamba kila mwenye mikono aweza kuifanya kazi ile.

Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza katika Kenya. Mwezi wa Aprili magari ya abiria baina ya Nairobi na Mombasa yalisimamishwa. Yaliporudi mwezi wa Julai, msafishaji alitakiwa afanye kazi mchana, mbele ya watu, kwa kuwa abiria alitaka kuona kwa macho yake kiti kikipanguswa.

Mwanzoni ilikuwa hofu tu, na hofu si mwalimu mwema. Katika nchi nyingi watu walibebeshwa mitungi ya dawa mgongoni, wakanyunyizia barabara na masoko, hata miili ya watu. Lakini mwezi wa Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kunyunyizia barabara hakufai, na kumnyunyizia mtu dawa kwaweza kumdhuru macho, ngozi na kifua. Baadaye ilijulikana kwamba ugonjwa huu hupita zaidi hewani kuliko katika vitu tunavyovigusa. Kwa hiyo kufungua dirisha nako ni usafi.

Hofu imepita, ujuzi umebaki. Nao ndio huu. Kwanza sabuni na maji, ndipo dawa, maana uchafu huipunguza dawa nguvu. Pili ni kipimo: kama chupa ya klorini imeandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya dawa huchanganywa na sehemu 34 za maji, ili ipatikane asilimia 0.1 ya kupangusia meza na vishikio. Tatu ni muda: dawa iachwe imelowesha mahali si chini ya dakika moja. Nne, klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, maana hutoka hewa ya sumu.

Sasa twauliza: mtu ajuaye hesabu hiyo, ambaye kosa lake laweza kuyaunguza mapafu yake mwenyewe, je, ni kibarua wa kuokotwa njiani? Wakati wa ugonjwa wasafishaji walisifiwa sana. Mwezi wa Mei 2023 ilitangazwa kwamba hali ya hatari imekwisha, na sifa nazo zikaisha. Twamjua kontrakta mmoja, jina lake tuliache, aliyewakata watu wake mshahara kwa glavu zilizopasuka kazini. Asante ya punda ni mateke.

Ndugu zetu, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mavazi ya kinga mfanya kazi anayeshika vitu vya kudhuru. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya hali njema kazini na haki ya kuingia chama. Lakini sheria haitembei yenyewe, yataka mtu wa kuishika mkono.

Basi twaleta mambo matatu. Kwanza, msafishaji asipewe dawa kabla hajafundishwa, na maagizo yaandikwe kwa Kiswahili. Pili, hesabu ya mabehewa kwa mtu mmoja ipunguzwe, maana dawa inayotaka dakika zake haiwezi kuharakishwa na msimamizi. Tatu, wasafishaji walioajiriwa na makontrakta wasaidiwe kuingia chama, wasiachwe kusimama peke yao.

Sisi hulala, hula na husafiri katika mabehewa waliyoyasafisha wao. Twaomba mkutano ulikate jambo hili leo.