Steringi Akifa Mapema: Mtazamaji na Hadithi Isiyo na Haraka

(Mhadhara wa umma, Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa)

Najua wapo walioanua kahawa mapema ili wawahi hapa, nami nimekuja kuwazungumzia katuni. Mnivumilie.

Sheria ya kwanza ya kibanda umiza, kile kibanda chetu cha kuonyeshea filamu, mnaijua kuliko mimi: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atasukumwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayoungua, na aliyelipa kiingilio atabaki ametulia kwenye benchi, maana anajua mtu wake atatokea upande wa pili. Jina lenyewe tuliliokota kwenye maandishi ya Kiingereza yanayopita mwanzoni mwa filamu, tukalipa kazi nyingine. Steringi kwetu si mwigizaji. Ni ahadi.

Sasa ipo katuni ya Kijapani iitwayo Frieren. Kanehito Yamada ndiye mtunzi na Tsukasa Abe ndiye mchoraji. Ilianza kama hadithi ya picha jaridani mwaka 2020, kisha studio ya Madhouse ikaitengenezea mfululizo wa televisheni. Sehemu 28 za awali zilionyeshwa Japani kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Inaanzia pale zingine zinapoishia. Mfalme wa mashetani ameshauawa, mashujaa wanne wanarudi mjini baada ya safari ya miaka kumi, watu wanashangilia. Miaka hamsini inapita. Himmel, steringi, amekuwa kibabu mwenye upara, na kabla sehemu ya kwanza haijaisha anazikwa.

Anayebaki ni Frieren, mchawi wa jamii ya viumbe wanaofanana na binadamu ila wanaishi zaidi ya miaka elfu. Kwake miaka kumi ni kama wiki mbili za mimi na wewe. Makaburini analia, kwa kuwa ndipo anapogundua kwamba hakujishughulisha kumjua yule mtu. Baada ya hapo anatembea tu. Anakusanya uchawi mdogo mdogo, wa kuotesha bustani ya maua, wa kutoa kutu kwenye sanamu ya shaba. Mapigano yapo, tena mazuri, lakini yanakuja kwa wakati wake.

Msimu wa kahawa uliopita niliiangalia hapa Nkwenda, sebuleni kwa shemeji yangu, pamoja na vijana watatu. Shemeji mwenyewe alikuwa chini kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua maharage. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa DJ, yaani mtafsiri wa filamu kama wale wa vibandani, na DJ mbovu kweli. Haikupita robo saa, kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, wanaanza kupigana saa ngapi?" Baadaye kidogo akachukua ufunguo wa bodaboda akatoka.

Wenzangu wa chuoni wangesema kijana hana ladha ya sanaa. Sikubali. Yule kijana amesomea kutazama, na walimu wake tunawajua: Lufufu, DJ Mack, DJ Afro wa Kenya, na maviijei wa Uganda ambao sauti zao huvuka mpaka wa Murongo bila kugongewa muhuri. Watu hawa wamefanya kazi ambayo idara nyingi za fasihi hazijaiweza: wamechukua filamu za Hong Kong, India na Marekani wakazifanya zizungumze kama majirani zetu. Ila kazi yao inaogopa kimya. Mwigizaji akisimama dirishani dakika nzima akiangalia mvua, DJ atamtafutia la kuwaza: anadaiwa kodi ya nyumba, anamkumbuka mama mkwe, amesahau kuanua nguo. Sisi tunacheka, na dakika imejaa. Mtazamaji aliyekulia hapo akikutana na dakika tupu huona amepunjwa.

Dakika tupu ndiyo mtaji wa Frieren. Wajapani wana jina la hadithi za namna hii, iyashikei, yaani zinazotuliza na kuponya, ingawa mimi sikuona aliyepona sebuleni siku ile. Nilichokiona ni kingine. Ilipofika pale makaburini, yule mchawi analia, mimi nikanyamaza kwa sababu hapakuwa na maneno ya kutafsiri. Shemeji akaacha maharage. "Huyu," alisema, "miaka hamsini alikuwa wapi? Hata kumjulia hali mgonjwa hakuja?" Kijana wa pili akamtetea: kwake miaka hamsini ni kidogo. Shemeji akamrukia. "Kidogo kwake. Aliyekuwa anamsubiri je?" Wakabishana mpaka nikasimamisha picha.

Hapo nikamkumbuka Peter Seitel, Mmarekani aliyerekodi hadithi kwa majirani zetu Wahaya. Kitabu chake cha mwaka 1980 kimebeba jina linalotokana na itikio la wasikilizaji kwa msimuliaji. Kwa Kiswahili tungesema: ona, nasi tupate kuona. Tazameni lilivyopangwa. Msimuliaji anaambiwa atazame, kama vile hadithi iko mbele ya macho yake, na anayemwambia hivyo ni yule aliyeketi. Asiyeitikia anamnyima msimuliaji macho. Sebuleni mimi nilikuwa nimenyamaza, picha imenyamaza, na shemeji akashika nafasi ambayo bibi zake waliijua.

Msidhani kubishana huku ni miujiza ya Japani. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Humo hakuna bunduki, kuna wakwe. Watu waliipenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Mwendo wake wa polepole haukumchosha mtu, kwa kuwa kila sehemu ilikuwa kesi, na kila mtazamaji hakimu.

Wala kiumbe anayewazidi watu umri si mgeni katika vilima hivi. Masimulizi ya Bachwezi, akina Ndahura na Wamara, yanazungumza juu ya waliokuja, wakatawala, kisha wakatoweka, sisi tukabaki. Katuni imegeuza upande: waliotoweka ni watu, aliyebaki ni Mchwezi. Nilipomweleza shemeji hivyo alinitazama kama mtu aliyezidisha kusoma.

Tukaendelea na sehemu ya pili. Frieren na mwanafunzi wake wanatafuta ua la buluu ambalo Himmel alilipenda, ili walioteshe penye sanamu yake. Wanatafuta miezi sita. Nilikuwa karibu kuruka mbele, naona aibu, nikasikia bodaboda inazimwa nje. Kijana akaingia, akabaki wima.

"Wameshapigana?"

"Wanatafuta ua," alisema shemeji, macho kwenye ungo.

"La nini?"

Nilifungua mdomo nieleze. Shemeji akaniwahi. Alisogeza ungo, akapigapiga mkeka kando yake.

"Kaa uone."