Kiharusi hakingoji kikao cha familia
Ndugu wasikilizaji wa Bukavu, kiharusi huja ghafla: mshipa wa damu ubongoni unaziba, au unapasuka. Mdomo unapinda upande mmoja, mkono unalegea, maneno yanakorogeka. Mwombeni mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi. Dalili moja inatosha kumpeleka hospitali, hata ikipotea baada ya dakika chache, kwani pigo kubwa zaidi laweza kufuata. Watafiti wamekadiria kuwa, mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli zipatazo milioni 1.9 kila dakika.

Wapo watakaosema amelishwa sumu, tuanze na maombi. Maombi yanafanyika hata ndani ya gari. Hoja nzito zaidi ni hii: kwa nini tukimbie ilhali dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayotolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, ni adimu kwetu? Kwa sababu hospitali haina kazi hiyo moja tu. Itapima sukari, maana sukari ikishuka sana huiga kiharusi, nayo hutibika upesi. Itafuatilia presha na kumkinga asipaliwe. Nyumbani msimpe uji wala aspirini: mshipa ukiwa umepasuka, aspirini huweza kuzidisha uvujaji. Mkiwa Kadutu au Bagira, pigieni simu hospitali huku mkitafuta gari. Pikipiki haifai, aliyelegea upande mmoja hawezi kujishikilia. Na daktari aambiwe saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho.