Kwa nini tumeomba simenti, si povu
Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wetu, Baraka



Ndugu zetu walio Marekani wametuandikia barua nzuri. Kule wanajenga kwa kalibu za povu gumu, lile jeupe linalofungiwa televisheni ndani ya katoni. Kwa sakafu ya ghorofa wanapanga vipande vya povu juu ya nguzo za muda, wanalaza ferabeto ndani ya mifereji yake, wanamwaga zege. Zege likikomaa nguzo zinatolewa, povu linabaki humohumo. Dale inakuwa nyepesi, na joto la nyumba halipotei. Walitaka kututumia kontena zima la povu kwa nyumba za waliorudi kutoka Nyarugusu.

Tumewashukuru, tena sana. Lakini tumewaomba pesa hiyo iwe simenti, na tunataka mjue sababu.

Theluji hatuna. Hapa joto linashuka kutoka kwenye manjanja. Udongo wa chini ndio unaotupoza. Ukiweka povu chini ya sakafu, umetufungia ubaridi nje. Na mchwa! Povu haliwashibishi, lakini wanalitoboa wapite, hadi wafike kwenye mbao za paa. Tungelipandisha chini ya manjanja, ila linashika moto haraka na moshi wake ni sumu, na sisi wengi tunapikia kuni ndani.

Kinachotuumiza ni vumbi. Watoto wanalala juu ya mkeka, funza wanawaingia vidoleni, mvua ikipiga chumba kinakuwa tope. Chumba cha mita 4 kwa 4, sakafu ya sentimita 8, kinakula kama mifuko 8 ya kilo 50. Mawe ya chini tunayabeba wenyewe.

Tukubali kosa letu pia. Sakafu za kwanza tulizimwaga saa sita mchana, tukaacha jua lizikaushe; zikapasuka. Mama mmoja alituuliza kama tumemletea sakafu ao ramani ya mito. Alikuwa na haki. Sasa tunamwaga asubuhi, tunafunika kwa majani ya migomba, na mwenye nyumba anamwagia maji siku 7. Asiyekubali hizo siku 7, simenti yake inapita kwa jirani.

Kiangazi kinaanza mwezi wa sita. Wenye mawe tayari waandikishe majina kwa katibu kabla ya hapo.