Roboti Isiyomwona Mtu
(Hotuba kwa kamati za parokia na wafadhili)



Mmoja wenu ametuuliza kwa nini tumesita kupokea roboti ya kuzungumza na wazee katika nyumba yetu ya kulelea wazee. Si kwamba tunaogopa teknolojia. Mwezi Mei 2020 Rwanda ilizindua roboti 5 za kusaidia vituo vya wagonjwa wa UVIKO-19, ili wahudumu wapunguziwe hatari ya kuambukizwa. Tuliipongeza.

Shaka yetu ni nyingine. Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, alipokuwa mwanafunzi Marekani alikuwa na kazi ya kuifundisha roboti mchezo ule ambao mama huucheza na mtoto: kuficha uso, kisha kuufunua. Roboti haikumwona. Ikambidi aazime uso wa mwenzake wa chumbani, aliye mweupe kumzidi. Baadaye, akiwa MIT, kompyuta ilimtambua alipovaa kinyago cheupe. Kinyago kinaonekana, mwenye uso haonekani!

Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha utafiti kuhusu programu 3 za kutambua jinsia kwa kutazama uso. Walitumia picha za wabunge 1,270 wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini na nchi 3 za Ulaya ya Kaskazini. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Baada ya hapo kampuni zilizotajwa zilipunguza makosa hayo. Kumbe iliwezekana.

Basi tulimwandikia mfadhili. Je, roboti hii ilijaribiwa kwa nani? Itamsikia bibi asiye na meno, anayechanganya Kiswahili na lugha ya kwao? Itamsubiri mwenye kigugumizi amalize, au itamkatiza? Alitujibu kwa uaminifu, na tunamshukuru: ilijaribiwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha kwao.

Tumependekeza wazee 8 waijaribu kwanza, kwa hiari yao, wasaidizi wao wakiwepo, na kasoro zote zipelekwe kwa watengenezaji. Anayetaka kuondoka katikati, aondoke. Nauli na chakula cha siku hizo havimo katika bajeti ya mwaka huu, kwa hiyo tunaziomba kamati zilijadili jambo hili kabla ya kikao kijacho.